Shajara ya mradi: pleya moja kwa video zote za kwaya, Ilomba, Mbeya

Kwaya yetu inatimiza miaka 30 mwezi wa nane, na kamati imeamua siku ya tamasha watu waonyeshwe tulikotoka: kuanzia VCD za zamani hadi video za simu za mwezi uliopita, zote kwenye ukuta mmoja wa ukumbi, kwa projekta moja. Kazi imeniangukia mimi kwa kuwa ndiye "mtu wa kompyuta", cheo ambacho huku kwetu hupewa yeyote aliyewahi kumrudishia jirani intaneti kwenye simu.

Naandika kila hatua inapokamilika ili kwaya nyingine, au mtu mwenye kabati la kanda nyumbani, aweze kuifuata. Yaliyokwenda vizuri nitayapita haraka. Masharti niliyojiwekea ni matatu: programu huria tu, kompyuta ya mtumba, na faili la asili halifutwi. Hilo la tatu nililivunja mwenyewe mwezi Julai, mtaona. Kamati imetoa shilingi 400,000.

Jumamosi, 8 Juni 2024: mzigo wenyewe

Mwenyekiti kaleta kiroba. Ndani: VCD 14, kanda 6 za MiniDV, flashi 3, na kadi moja ya simu iliyofungwa kwenye karatasi ya biskuti. Kwenye flashi na kadi kuna mafaili 212 yenye majina ya kila namna: .mp4, .3gp, .mov, .avi, .webm.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kugeuza kila kitu kiwe MP4, nimalize. Ningeharibu vingi. MP4 ni gunia tu. Sisi wa Nyanda za Juu tunaijua lumbesa: gunia limeshonwa vizuri juu, ila viazi vilivyomo huvijui mpaka ufungue. Ndani ya gunia hilo kuna mzigo wa picha na mzigo wa sauti, na kila mmoja umefungwa kwa kodeki yake. Kodeki nayo ni kama king'amuzi: tangu analojia izimwe, mawimbi yanafika kwenye kila paa la Ilomba, lakini asiye na king'amuzi kinachofaa haoni kitu.

Kwa hiyo nililiuliza kila faili swali hili kabla ya kuligusa:

`ffprobe -hide_banner jina_la_faili`

Majibu yalinishangaza. Mafaili yanayoishia na .mp4 pekee yalikuwa na aina tatu za picha: H.264 kwenye mengi, HEVC ya biti 10 kwenye yaliyotoka simu za karibuni, na MPEG-4 ya zamani kwenye machache ambayo nadhani mtu aliyabadilisha jina tu kutoka .avi. Faili mbili za .avi zilikuwa na Xvid na MP3. Za .3gp ni H.263 yenye upana wa pikseli 176, sauti AMR. Za .webm ni AV1 na Opus.

Pleya nilizochagua ni VLC na mpv. VLC ilianzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, ikawa huria chini ya leseni ya GPL mwaka 2001. Zote mbili kwa kazi ya kusimbua, yaani kufungua mzigo uliofungwa kwa kodeki, hutegemea sana libavcodec, maktaba ya kodeki ya FFmpeg, mradi ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. Hili lina maana kwa anayetafuta kosa: faili likigoma kwenye zote mbili, usihangaike kutafuta pleya ya tatu. Tatizo liko chini yake, kwenye maktaba, kwenye draiva, au kwenye faili lenyewe.

Jumatano, 12 Juni: sauti ipo, picha hakuna

Kompyuta nimeipata Mwanjelwa: Core i5-2400, ramu GB 4, diski GB 160. Muuzaji alianzia 350,000, tukaachana kwa 280,000 na kibodi ndani. Prosesa hiyo ni ya mwaka 2011. Kumbuka mwaka huo, utarudi kuniuma.

Niliweka Linux niliyokuwa nayo tayari kwenye flashi, nikaweka mpv, nikafungua video ya kwanza ya H.264. Sauti ya kwanza na ya pili zinasikika vizuri kabisa, picha nyeusi tii. Nikashuku waya. Nikashuku projekta. Nikavua ramu na kuifuta kwa kifutio kama mafundi wa Kabwe wanavyofanya. Jioni mbili zimepotea hivyo, wakati jibu lilikuwa kwenye terminali muda wote: hakuna kisimbuzi cha h264.

Sababu haina uhusiano na mashine. Baadhi ya matoleo ya Linux, hasa yanayotengenezwa chini ya kampuni za Marekani, husambaza libavcodec iliyokatwa aina zenye hataza, yaani haki za uvumbuzi ambazo wenyewe hudai malipo. MP3 haina tena shida hiyo, utoaji wa leseni zake ulikoma Aprili 2017. Hataza za MPEG-2 huko Marekani ziliisha Februari 2018. H.264 na HEVC bado. Matoleo mengine, kama Debian, yanakupa libavcodec nzima.

Kulikuwa na njia mbili: kuongeza hazina ya vifurushi ya nje, au kuhama. Nikahamia Debian 12. Bando: 10,000.

Ushauri kwa atakayefuata: kabla ya kushika bisibisi, endesha `mpv` kutoka terminali na usome mistari yake. Pleya ukiifungua kwa kubofya, inanyamaza na siri yake.

Jumamosi, 15 Juni: draiva isiyo ya rika

Picha imetoka. Lakini video ya 1080p inakula prosesa asilimia 70, feni inavuma kama kipupwe. Maana yake prosesa inasimbua yenyewe, na chipu ya picha iliyomo ndani yake, ambayo ina kisimbuzi cha H.264 kilichochongwa tayari, imekaa bure.

Makosa mawili hapa. La kwanza: mpv kwa kawaida haitumii kisimbuzi cha chipu mpaka uiambie. VLC tangu toleo la 3.0 inajaribu yenyewe. Kwenye `~/.config/mpv/mpv.conf` niliandika:

`hwdec=auto-safe`

Bado. `vainfo`, amri inayoorodhesha aina ambazo chipu inaweza kusimbua, ikaleta kosa la kushindwa kuanzisha draiva. La pili basi: ili kubana bando, niliweka Debian bila vifurushi vinavyopendekezwa, halafu nikaongeza kwa mkono draiva mpya ya Intel, `intel-media-va-driver`, kwa sababu ndiyo niliyoona ikisifiwa. Hiyo inaanzia chipu za kizazi cha Broadwell, za mwaka 2014. Yangu ni ya 2011, dawa yake ni ya zamani:

`apt install i965-va-driver`

Prosesa ikashuka hadi asilimia 9. Feni ikanyamaza, na mimi nikanywa chai.

`vainfo` sasa inaorodhesha MPEG-2, H.264 na VC-1. HEVC haimo. Intel waliingiza HEVC ya biti 8 kizazi cha sita, na ya biti 10 kizazi cha saba. Nikaandika pembeni: simu zitasumbua.

Jumatatu, 24 Juni: VCD zinazokataa kunakiliwa

VCD inaonekana kama sidii ya kawaida. Ukifungua folda la MPEGAV unakuta faili la .DAT lenye MB 600 na kitu. Ukilinakili kwa Linux linaanza, kisha kosa la kusoma diski. Nikasema ni mikwaruzo. Nikaenda dukani kununua dawa ya meno, 2,500, nikasugua diski tatu kama tulivyokuwa tukifanya enzi za deki. Kosa lilelile, ila sasa diski inanukia.

Mikwaruzo haikuhusika. Sekta ya sidii ya data huhifadhi baiti 2,048 na nafasi inayobaki hutumika kusahihisha makosa. VCD huacha usahihishaji huo na kubeba baiti 2,324 kwa kila sekta, kwa hoja kwamba video ikikosea kidogo hakuna anayekufa. Ndiyo maana diski ya dakika 74, inayobeba data MB 650, inaingiza kama MB 740 za MPEG. Kunakili kwa kawaida kunasoma kana kwamba sekta ni za aina ya kwanza, na kunagonga ukuta. `ddrescue`, zana ya kuokoa data kwenye diski mbovu, nayo imegonga ukuta huohuo.

Kilichofanya kazi ni `vcdxrip` kutoka kifurushi cha `vcdimager`, kinachosoma sekta nzima na kukupa .mpg safi. Kwa kutazama tu bila kunakili, VLC inatosha: `vlc vcd:///dev/sr0`.

Diski 13 zimetoka. Ya saba haisomeki. Hiyo kweli imekwaruzwa, na nadhani dawa yangu ya meno imeongeza. Picha ni MPEG-1 ya pikseli 352 kwa 288 na sauti ni MP2 ya kilobiti 224. Hazihitaji kugeuzwa. Kodeki ya mwaka 1993 haichoshi kompyuta yoyote iliyo hai leo. Niliziacha zilivyo.

Jumamosi, 6 Julai: Tukuyu

Kanda za MiniDV zinahitaji kamera yake, na kamera yetu iliuzwa zamani. Mzee aliyekuwa akirekodi harusi na mikutano ya kwaya kabla ya simu kumnyang'anya kazi anaishi Tukuyu siku hizi. Nauli kwenda na kurudi 10,000. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mashamba ya chai nimeyasikia kwa harufu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umefuata kamera au umefuata ndizi?"

Kamera aliifunga kwenye mfuko pamoja na mchele mkavu, maana unyevu wa kule unaota ukungu hata kwenye lenzi. Akanionyesha namna ya kusafisha kichwa cha kusomea, halafu akanikanya: "Kanda usiipelekepeleke mbele na nyuma. Kila unapoipitisha, unaila." Nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana, nikarudi na kamera na mkungu pia.

Kadi ya FireWire, ya kuunganisha kamera hiyo na kompyuta, na waya wake havikupatikana Mbeya. Nimeagiza Dar, vimekuja kwa basi: 70,000 pamoja na usafirishaji. Linux iliitambua kadi bila maneno. Kanda inanakiliwa kwa mwendo wake wa kawaida, dakika 60 ni dakika 60:

`dvgrab --format raw kanda1-`

Kila saa inakula GB 13. Fanya hesabu yako mapema. Mimi sikuifanya.

Ijumaa, 12 Julai: meno ya kitana

Hili ndilo ningependa usome hata ukiruka mengine yote.

Nikiwa kwenye kanda ya tano, diski ilijaa. GB 160, toa Debian, toa video za simu, toa VCD, toa kanda nne. Kanda hizo nne nilikuwa nimeshazigeuza kuwa H.264, zikaonekana nzuri kwenye dirisha dogo la laptopu yangu. Saa tano usiku, macho mazito, nikafuta mafaili manne ya DV ili ya tano ipate nafasi.

Jana nikaenda ukumbini kujaribu projekta. Waimbaji wakisimama, picha safi. Wakipiga makofi, mikono inageuka kuwa kitana: mistari imechomoza kulia na kushoto kila mahali palipo na mwendo.

Kamera za zama zile hazikurekodi picha nzima. Kwa mfumo wa TV wa PAL zinapiga nusu-picha 50 kila sekunde: moja ina mistari witiri, inayofuata ina mistari shufwa, na kati yake mkono umeshasogea. TV ya chogo ilizionyesha kwa kupishana, jicho likaridhika. Kompyuta inazibandika mbili kwa pamoja na kukuonyesha mikono miwili kwenye fremu moja. VLC na mpv zote zinajua kuzitenganisha, kwenye mpv unabonyeza herufi d tu. Ila mimi wakati wa kugeuza sikuzitenganisha, na juu ya hapo nikaikuza picha kutoka mistari 576 hadi 720. Kukuza kumechanganya witiri na shufwa kama maji na maziwa. Hakuna kitufe cha kuyarudisha.

Faili la asili nimelifuta. Kanda bado zipo, lakini maneno ya mzee yananirudia: unaila.

Alhamisi, 18 Julai: kurudia

Nimenunua diski ya nje ya TB 1 kwa 130,000. Ningeinunua tarehe 8 Juni, kurasa hizi zingekuwa fupi.

Nimezipitisha kanda nne upya. Tatu zimetoka kama mwanzo. Moja, ya mkesha wa mwaka mpya, sasa ina sekunde 40 za vipande vya mraba vilivyoganda ambavyo safari ya kwanza havikuwepo. Mwalimu wa kwaya nimemwambia. Akanyamaza kidogo, akauliza kama ubeti wa tatu umebaki. Umebaki.

Amri niliyotumia safari hii, kwenye nakala, asili ikiwa imelala salama:

`ffmpeg -i kanda1.dv -vf bwdif=mode=send_field:parity=bff -c:v libx264 -crf 18 -preset slow -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 160k -movflags +faststart kanda1.mp4`

`send_field` inakupa fremu 50 kwa sekunde, mwendo wote unabaki laini. Zingatia `parity=bff`. DV huanza na mstari wa chini. Jaribio langu la kwanza niliandika `tff` kwa kuwa ndivyo nilivyoona kwenye mfano wa mtu, na kwaya nzima ikawa inatetemeka mbele na nyuma kama ina homa ya malaria. Ukiona hivyo, mpangilio wa mistari umegeuzwa. Jaribu kwa sekunde 20 kwanza, `-t 20`, kabla ya kuiachia kompyuta usiku mzima.

Jumanne, 30 Julai: simu za watu wenye uwezo

Vijana wa sauti ya tatu wameleta video za iPhone. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu hizo hurekodi kwa HEVC, na tangu iPhone 12 zinaweza kuongeza rangi za HDR, yaani za upeo mpana wa mwanga, zenye biti 10. Na mafaili yenyewe ni ya 4K. Prosesa yangu ya 2011 inasimbua kwa misuli yake yenyewe: mpv, ukibonyeza i, inaonyesha hesabu ya fremu zilizodondoshwa ikipanda kama mita ya bodaboda. Na zile zinazotoka, chipu ya picha inashindwa kuzipaka.

Hapa kugeuza ni lazima. Jaribio la kwanza nilitumia amri ya kanda bila `bwdif`, na kwa uvivu nikafuta pia `-pix_fmt yuv420p` nikidhani ni pambo. Matokeo: H.264 imetoka, lakini ya biti 10, kwa sababu libx264 imerithi biti za faili la mwanzo. Chipu haiijui H.264 ya biti 10. TV ya mwenyekiti nayo ikatoa sauti tupu. Juu ya hayo, sare za kwaya za zambarau zimefifia kama kanga iliyofuliwa mara mia: thamani za rangi za HDR zimeachwa zilivyo na kusomwa kama za kawaida.

Jaribio la pili nikarudisha `-pix_fmt`. Ikacheza kila mahali, rangi bado zimefifia. La tatu ndilo:

`-vf zscale=w=1280:h=720:t=linear:npl=100,format=gbrpf32le,zscale=p=bt709,tonemap=hable:desat=0,zscale=t=bt709:m=bt709:r=tv,format=yuv420p`

Inageuza mwanga uwe wa mstari mnyoofu (linear) kwanza, inaubana, kisha inaurudisha kwenye rangi za TV. Ni polepole mno kwenye mashine hii, dakika 4 za video zilichukua karibu saa nzima. Lakini zambarau imekuwa zambarau. Nimepunguza hadi 720p kwa kuwa projekta yetu ina pikseli 1024 kwa 768 tu. 4K kwenye ukuta ule ni kumimina ndoo kwenye kikombe.

AV1 za .webm nilizitegemea zisumbue zaidi, maana hakuna chipu ya zama zile inayoijua. Hazikusumbua. Debian inatumia dav1d, kisimbuzi cha AV1 kilichoandikwa na watu wa VideoLAN, na 720p imecheza bila kudondosha fremu hata moja. Sikuzigusa.

Jumatano, 7 Agosti: faili lisilofunguka

Dada mmoja wa sauti ya pili ana video ya dakika 11 ya ziara ya Iringa. Simu ilizimika chaji kabla hajabonyeza kuacha. Faili lina MB 900, pleya zote zinasema "moov atom not found".

Moov ni daftari la mzigo: inaeleza kila fremu inaanzia wapi, ina ukubwa gani, na mipangilio ya kodeki. Simu huliandika mwishoni, ukishamaliza kurekodi. Mzigo upo wote, daftari halikuandikwa. Kubadilisha jina la faili au kulipitisha kwenye ffmpeg hakusaidii, nilijaribu vyote.

Kuna zana huria iitwayo untrunc. Unaipa faili zima la simu ileile, inajifunza daftari lake lilivyo, kisha inapapasa faili bovu na kuliandikia jipya. Nimeijenga kutoka kwenye msimbo, bando 15,000 pamoja na maktaba zake. Mara ya kwanza niliipa mfano kutoka simu nyingine ya aina inayofanana: ikatoa dakika 11 za kijani. Ikabidi dada arekodi nusu dakika ya kuku wake kwa simu yenyewe, mipangilio ileile. Kwa kuku hao dakika 10 na sekunde 48 zimerudi.

Jumamosi, 17 Agosti: mazoezi ukumbini

Kila kitu kwa mpangilio, orodha moja ya mpv. Makosa madogo:

Video za 3GP hazichezi kwenye TV ya mwenyekiti, kwa sababu haijui AMR wala H.263. Kunakili mzigo bila kuugeuza (`-c copy`) hakusaidii. Nimegeuza vyote, ni video za sekunde chache.

VCD zinapiga kelele, za simu zinanong'ona. Nimepitisha nakala kwenye kichujio cha `loudnorm` kwa sauti tu, picha imenakiliwa bila kuguswa.

Baada ya video ya mwisho mpv ilikuwa inafunga na kuonyesha picha ya mezani kwangu. `keep-open=yes` na `fs=yes` zimemaliza hilo.

Umeme ulikatika mara mbili. UPS nimeazima, sikununua.

Jumla hadi leo: 517,500. Kamati ilitoa 400,000. Hiyo 117,500 nimeiandika kwenye daftari la mwenyekiti kwa kalamu nyekundu.

Jumapili, 25 Agosti: siku yenyewe

Saa nane kasorobo, watu wanakaa, mzee mmoja mgeni ananishika bega. "Mwanangu, na hii iweke." Flashi. `ffprobe`: HEVC, 4K, biti 8, dakika 3. Hakuna muda wa kugeuza, na mzee wa aina hiyo huwezi kumweleza habari za Skylake, kile kizazi cha sita cha Intel.

Nilijaribu kitu nilichokuwa nimekisoma tu:

`mpv --vd-lavc-skiploopfilter=all --profile=sw-fast faili.mov`

Inaruka hatua ya mwisho ya kusimbua, ile inayolainisha kingo za vipande vya picha, na profaili hiyo hurahisisha ubadilishaji wa ukubwa wa picha pale unapofanywa na prosesa. Kwenye mpv 0.35 ya Debian 12 jina hilo la profaili lipo. Ikacheza. Ilidondosha fremu chache mwanzoni, kisha ikatulia. Mwalimu wa kwaya peke yake ndiye aliyenifuata baadaye kuuliza kwa nini nyuso za sauti ya nne zilikuwa na viraka.

Mengine yote yalipita bila kusimama, VCD kumi na tatu, kanda sita, simu. Kwenye mkesha wa mwaka mpya, vipande vya mraba vilipotokea, ukumbi mzima uliendelea kuimba ubeti hadi picha ikarudi.

Yaliyobaki: VCD ya saba. Kuna fundi Makambako mwenye mashine ya kung'arisha diski, nitampelekea nikipita. Kamera inarudi Tukuyu Jumamosi, na kilo mbili za mchele mpya.